Saratani inapomkuta mwenye kisukari: mwongozo kamili wa kusimamia sukari wakati wa matibabu

Daftari la baba lilikuwa safi kabisa. Jumatatu 6.4, Jumanne 6.9, Jumatano 7.1, zote zimepimwa alfajiri kabla hajatia kitu mdomoni, zote zimeandikwa kwa mwandiko wake wa kulala upande. Wiki ile alikuwa ameanza dripu ya kwanza ya tibakemikali. Usiku aliamka mara tano kwenda kukojoa, mdomo umemkauka, nasi tukasema ni yale maji ya dripu, yameingia mengi, lazima yatoke. Tuliporudi kliniki muuguzi akafungua daftari, akapekua kurasa mbili, akaniuliza: "Dada, jioni huwa mnampima?" Nikamwambia hapana, miaka yote tumezoea asubuhi. Akamtoboa kidole palepale, saa kumi jioni. Mashine ikasoma 21.3.

Kilichompandisha ni vidonge vya deksamethasoni, dawa ya kundi la steroidi, alivyopewa kuzuia kutapika. Daktari wa saratani hakukosea kumpa, ndiyo dawa yake. Kliniki ya kisukari nayo haikukosea, maana haikuambiwa. Kila upande ulitibu ugonjwa wake, na katikati hapakuwa na mtu. Mwongozo huu nimemwandikia huyo wa kusimama katikati, awe mgonjwa mwenyewe au anayemuuguza.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: kisukari cha mtu anayetibiwa saratani si kile alichokizoea. Dozi zilizomfaa miaka kumi zinaweza kumdhuru ndani ya siku moja. Na siku za hatari zinajulikana: siku steroidi inapoanza, siku inapokoma, na siku chakula kinapokataa kupita. (Namba zote hapa ni za mmol/L. Kama mashine yako inasoma mg/dL, zidisha kwa 18: 10 ni 180.)

Hatua ya 1: Kabla ya dripu ya kwanza

Beba dawa zote za kisukari, za presha na nyingine zozote, pamoja na za mitishamba, ziweke kwenye mfuko mmoja na uzimwage mezani kwa daktari wa saratani. Usitegemee kumbukumbu. Kisha uliza maswali haya, na majibu uyaandike:

- Je, kwenye mpango huu kuna steroidi? Ni ipi, siku zipi za mzunguko, na kwa kiasi gani?
- Kuna dawa nyingine humu inayopandisha sukari au inayoumiza figo?
- Sukari ikipanda au ikishuka saa nane za usiku, nampigia nani?

Hilo la mwisho wengi hawaliulizi, na ndilo utakalolihitaji kwanza. Usikubali jibu la "njoo kliniki wiki ijayo." Omba namba ya simu, na uulize kama usiku huwa inapokelewa.

Omba vipimo vya figo, vya ini, na HbA1c, yaani kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu. HbA1c ifanyike sasa, kabla ya matibabu, kwa sababu baadaye itakudanganya. Kipimo hicho husoma sukari iliyoganda kwenye seli nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120. Tibakemikali hupunguza damu, mgonjwa huongezewa damu ya mtu mwingine, na seli zinazosomwa hazina tena historia yake. Nimewahi kuona majibu mazuri ya HbA1c yakifurahiwa kwa mtu aliyeongezewa chupa mbili mwezi uliotangulia. Kuanzia siku ya kwanza ya dripu, shahidi wako ni mashine ya kidole na daftari.

Lengo la sukari wakati wa matibabu kwa kawaida ni kati ya 6 na 10, na hadi 12 inavumilika. Wapo wagonjwa waliojivunia kukaa kwenye 5 miaka yote, na hawa huumia wakiambiwa walegeze. Waeleze taratibu: mtu ambaye leo anakula na kesho anatapika, akibanwa kwenye 5, safari ya kushuka hadi 3 ni fupi mno. Lakini kulegeza si kuacha. Sukari ikikaa juu, maji ya mwili hupotea kwa mkojo, maambukizi hupata nafasi, kidonda cha upasuaji huchelewa kufunga, na dripu inayofuata inaweza kuahirishwa.

Hatua ya 2: Zijue dawa zinazopandisha sukari

Steroidi kwanza, kwa kuwa karibu kila mgonjwa wa tibakemikali hukutana nazo. Hutolewa kuzuia kichefuchefu, kuzuia mzio wa dawa, kupunguza uvimbe kwenye ubongo, na kwa baadhi ya saratani za damu na za tezi za limfu ni sehemu ya tiba yenyewe.

Prednisoloni ikimezwa asubuhi, sukari huanza kupanda kuelekea mchana, hufika kileleni alasiri na jioni, kisha huteremka usiku. Alfajiri unakuta 7 na unalala na amani ya uongo. Deksamethasoni hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na athari yake huweza kuendelea siku moja hadi mbili baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo siku za steroidi mgonjwa apimwe mara nne: kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Kama stripu ni chache na unaweza kupima mara moja tu, pima jioni kabla ya chakula. Ukiondoka na kitu kimoja kwenye mwongozo huu, kiwe hicho.

Ukiona juu ya 12 mara mbili mfululizo, piga simu siku hiyo hiyo. Daktari anaweza kuongeza kidonge cha kisukari cha asubuhi, au kuanzisha sindano ya insulini ya muda wa kati, ile yenye ukungu kama maziwa, ichomwe asubuhi pamoja na kumeza steroidi. Mantiki yake ni nzuri: insulini hiyo na prednisoloni hupanda pamoja na kushuka pamoja. Dozi ya insulini ya usiku ikiongezwa ili kupambana na sukari ya jioni, mgonjwa huenda akashuka alfajiri akiwa usingizini.

Halafu kuna siku ya kumaliza steroidi, ambayo naiogopa kuliko ya kuanza. Mgonjwa ameongezewa insulini kwa ajili ya deksamethasoni. Deksamethasoni imekwisha Alhamisi. Insulini inaendelea ileile Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili alfajiri mnamkuta amelowa jasho na hasemi sawasawa. Siku mnayoandikiwa kuongeza insulini, palepale ulizeni: itapunguzwa lini na kwa kiasi gani? Muwe na karatasi yenye majibu yote mawili.

Zipo dawa nyingine. Za tiba ya kinga, kama nivolumabu na pembrolizumabu, hulegeza breki za kinga ya mwili ili ishambulie saratani. Kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya mia, kinga hiyo hugeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Huweza kutokea wiki au miezi baada ya kuanza, na huja ghafla: kiu kali, mkojo usiokwisha, kutapika, kupumua haraka. Aliyekuwa na kisukari cha vidonge anaweza kujikuta anahitaji insulini maisha yote. Hapo hakuna kusubiri, ni hospitali saa hiyo, na uwatajie jina la dawa. Alpelisibu, inayotumika kwenye baadhi ya saratani za matiti, hupandisha sukari kwa wagonjwa wengi, na everolimusi nayo huipandisha. Tiba ya kuzuia homoni kwa saratani ya tezi dume hufanya hivyo polepole, kwa miezi, sambamba na kuongeza mafuta mwilini na kupunguza misuli.

Hatua ya 3: Zipitie upya dawa za kisukari

Kaa na daktari au mfamasia mpitie moja baada ya nyingine. Usibadilishe peke yako, lakini nenda ukijua cha kuuliza.

Metformini hubaki kwa wengi. Shida yake ni figo. Mgonjwa akitapika na kuharisha hadi kukaukiwa maji, au figo zikiguswa na dawa ya saratani kama sisplatini, metformini hujikusanya na inaweza kusababisha tindikali kwenye damu. Siku za kutapika isimamishwe, na irudishwe mtu anapokula na kunywa vizuri. Kwa kipimo cha picha cha CT chenye dawa ya kuchomwa mshipani, mwenye figo dhaifu huisimamisha na kuirudia baada ya saa 48, figo zikishapimwa.

Glibenklamidi, glimepiridi na gliklazidi hulisukuma kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Mgonjwa aliyemeza kidonge asubuhi kisha akashindwa hata uji yuko hatarini, na glibenklamidi ndiyo mbaya zaidi kwa wazee na wenye figo dhaifu. Omba maelekezo ya maandishi: asipokula, kidonge akiache?

Dapagliflozini, empagliflozini na ndugu zao hutoa sukari kupitia mkojo. Kwa mtu asiyekula vizuri hizi zina mtego mbaya: damu inaweza kujaa ketoni (mabaki ya mafuta ambayo mwili umeyachoma badala ya sukari) na kuwa ya tindikali huku mashine ikisoma 9 au 10. Dalili zake ni kichefuchefu, maumivu ya tumbo, uchovu na kupumua haraka, ambazo nyumbani mtasema ni tibakemikali. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huziondoa wakati wa tiba nzito, na kabla ya upasuaji husimamishwa angalau siku 3.

Semaglutidi na liraglutidi hupunguza hamu ya kula, huchelewesha chakula tumboni na hupunguza uzito. Kwa mtu anayepungua kila wiki, hayo yote hatuyataki. Pioglitazoni huleta kujaa maji mwilini, na haifai kwa mwenye saratani ya kibofu cha mkojo.

Na insulini? Wengi huiona kama tangazo la mwisho. Baba aliposikia neno hilo alinyamaza njia nzima hadi nyumbani. Ukweli ni kwamba kwa kipindi hiki ndiyo dawa inayofuata mwendo wa mgonjwa: huongezwa na kupunguzwa kwa siku, haimsumbui tumbo, na kwa wengi huondolewa steroidi zikiisha. Baba alichoma kwa mizunguko sita akarudi kwenye vidonge.

Hatua ya 4: Siku ya kutapika

Andika mpango wa siku hii wakati mgonjwa ni mzima, ubandike mlangoni mwa friji au ukutani jikoni.

Anayetumia insulini inayofanya kazi kwa muda mrefu asiiache moja kwa moja hata kama hajala. Huenda ikapunguzwa, lakini mwili unapougua hutoa sukari wenyewe. Pima kila baada ya saa nne. Anywe kidogo kidogo, mafundo machache kila dakika kumi. Sukari ikiwa chini ya 10 na chakula hakipiti, kinywaji hicho kiwe na sukari. Ikiwa juu, kiwe maji.

Sukari ikizidi 15 na mgonjwa anatapika, pima ketoni kama mna stripu zake za damu. Chini ya 0.6 ni salama, 1.5 au zaidi piga simu saa hiyo, 3 au zaidi ni dharura. Anayetumia zile dawa za kutoa sukari kwa mkojo apimwe ketoni akiugua, mashine isome chochote. Kama stripu hizo hamna na anatapika bila kukoma, msisubiri kukuche.

Sukari ikishuka chini ya 4: vijiko vya chai 4 vya sukari kwenye maji, au glasi ndogo ya juisi yenye sukari. Pima baada ya dakika 15. Ikiwa bado chini, rudia. Ikishapanda, apate kitu cha wanga ili isishuke tena. Mwenye vidonda mdomoni hawezi kutafuna peremende, kwa hiyo sukari yake ya dharura iwe ya maji, imeshaandaliwa kwenye chupa kando ya kitanda. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na uite msaada.

Hatua ya 5: Siku ya kipimo cha PET, na ya upasuaji

Kipimo cha PET humulika seli zinazokula sukari kwa pupa, kwa kutumia sukari yenye mionzi kidogo. Sukari ya damu ikiwa juu, hushindana na ile ya kipimo na picha hutoka hafifu. Vituo vingi hutaka iwe chini ya 11, mgonjwa akiwa amefunga saa 4 hadi 6. Jaribu kubwa ni kumchoma insulini ya haraka mlangoni ili namba ishuke. Usifanye hivyo: insulini itaisukuma ile sukari ya kipimo kwenye misuli, na picha itaharibika kwa namna nyingine. Inatakiwa saa 4 zipite tangu sindano hiyo. Metformini nayo hung'arisha utumbo kwenye picha, hivyo vituo vingi huomba iachwe saa 48 kabla. Omba miadi ya asubuhi mapema, na iwe mbali na siku za steroidi.

Kwa upasuaji, omba kuwa wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo ili mfungo uwe mfupi, na mjue usiku uliotangulia ni dawa gani inaachwa.

Hatua ya 6: Chakula

Hapa pana uvumi unaoua watu taratibu: "sukari inalisha saratani, basi acha wanga." Chanzo chake ni cha kweli. Katika miaka ya 1920 mwanasayansi wa Ujerumani, Otto Warburg, aliona kwamba seli za saratani hutumia sukari nyingi kuliko seli za kawaida. Kipimo cha PET hutegemea jambo hilohilo. Lakini mgonjwa akiacha kula, ini lake hutengeneza sukari kutokana na misuli yake. Saratani huipata, naye anabaki mifupa. Mgonjwa aliyekonda sana huvumilia tiba kidogo.

Kwa hiyo kipaumbele ni uzito na misuli. Protini katika kila mlo, milo midogo mara tano au sita badala ya mitatu mikubwa, wanga ugawanywe siku nzima. Siku ambayo kinachopita ni kitu kitamu tu, mpe, na dawa irekebishwe kufuata chakula. Miaka yote tumefundishwa kurekebisha chakula kufuata dawa, na kuigeuza kanuni hii humsumbua hata mgonjwa mwenyewe, aliyezoea kujinyima. Mpime uzito kila wiki, siku ileile, nguo nyepesi.

Anayelishwa kwa mpira na kuchomwa insulini, mpira ukiziba au ukitoka, sukari inaweza kuporomoka. Pima kila saa na upige simu.

Hatua ya 7: Homa, miguu, na mashine zenyewe

Joto la 38 au zaidi wakati wa tibakemikali ni dharura, mchana au usiku, kwa sababu seli nyeupe zinaweza kuwa zimeisha. Kwa mwenye kisukari, wakati mwingine sukari hupanda bila sababu kabla homa haijaonekana. Ukiona hivyo siku ya saba hadi ya kumi na nne baada ya dripu, mpime joto kila baada ya saa chache.

Paklitakseli, vinkristini, sisplatini na oksaliplatini huumiza neva, na kisukari kimekwishaziumiza. Ganzi ikiongezeka, mgonjwa akashindwa kufunga vifungo vya shati au akavua ndala bila kujua, mwambie daktari kabla ya dripu inayofuata, kwani dozi inaweza kupunguzwa. Miguu ikaguliwe kila usiku, hadi katikati ya vidole.

Anayetumia kifaa cha kupima sukari cha kubandika ngozini ajue kwamba hidroksiurea, dawa ya baadhi ya saratani za damu, hufanya baadhi ya vifaa hivyo visome juu kuliko ukweli. Vitamini C ya dozi kubwa nayo hupotosha baadhi ya vifaa na mashine. Taja dawa hizo kabla hujaamini namba.

Nyongeza kwa familia nzima: mtu wa miaka 60 au zaidi anayepata kisukari kipya huku anapungua uzito bila sababu anahitaji kuchunguzwa kongosho haraka, si kupewa vidonge tu na kurudishwa nyumbani.

Hatua ya 8: Tiba inapoisha, na inapogeuka kuwa ya faraja

Tiba ikiisha salama, dozi zote zipitiwe tena wiki hiyohiyo, na HbA1c isubiri hadi miezi mitatu ipite tangu kuongezewa damu. Macho na figo vipimwe upya.

Ikiwa lengo si kuponya tena, na muda uliobaki ni mfupi, sukari nayo ibadilishiwe lengo. Inatosha ikae kati ya 6 na 15, mgonjwa asisikie kiu wala asishuke. Anayetumia vidonge tu, ambaye hali tena, huweza kuachishwa vidonge na vipimo vyote. Anayetumia insulini mara nyingi hubakiziwa sindano moja kwa siku, dozi ndogo, na kipimo kimoja. Jambo hili lisemwe wazi na daktari mbele ya familia nzima, kwani asiyeambiwa atadhani mgonjwa ametelekezwa, na atakuja na mashine yake mfukoni.

Kwetu alikuwa ba'mdogo. Alifika na mashine, akashika mkono wa kaka yake, akaanza kutafuta kidole cha kutoboa. Baba akaufumba mkono. Daktari alikuwa ametuandikia karatasi, nikamwonyesha, akaisoma mara mbili, kisha akaikunja mashine kwenye kifuko chake na kukaa naye, mkono bado uko mkononi. Zile ncha za vidole, ngumu kwa miaka kumi na minne ya sindano, zilikuwa zimeanza kulainika.